Kikapu cha Mama na Kihori cha Ng'ombe

Stashahada yangu ya uchoraji wa kiufundi imetundikwa sebuleni kwangu Pasua, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kochi lolote hawezi kuikwepa. Sikupewa na mjomba. Niliipata Nairobi kwa masomo ya jioni, mchana nikisugua sufuria za hoteli, na baadaye nikachora makabati katika kiwanda cha samani mpaka ikafika hatua hakuna mchoro uliokwenda kwa mafundi bila mimi kuupitia. Siku ya kurudi nyumbani nilivuka Holili na ubao wangu wa kuchorea umefungwa juu ya basi. Ofisa wa mpakani akauliza hiyo ni meza ya nini. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo akili yangu, mzee, ipitishe taratibu." Alicheka, akaipitisha.

Naanza na hayo ili ieleweke kwamba kikundi cha wasanii kilipokuja Moshi kuchora vyombo vya nyumbani na kazi za mikono za mlimani, hawakunichukua kwa kunihurumia. Walitaka mtu mwenye mkono na mwenyeji wa huko juu. Nilikuwa vyote viwili, na mkoa mzima sidhani kama wangempata wa pili.

Walikuwa watano. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja wa Dar mwenye miwani mikubwa na kofia ya ukili ambayo hakuivua hata jikoni kwa watu. Mwenzake mmoja alikuwa na penseli ishirini na nne, zote nyeusi. Nilimuuliza tofauti yake ni nini. Akanijibu kwamba kila moja ina hisia yake. Mimi nimechora makabati kwa miaka kumi na moja kwa penseli mbili, na milango yote inafunga.

Wao walichora kwa hisia. Kata ya mbege, ile ya kibuyu yenye mkono mrefu ya kunywea pombe yetu ya ndizi, ilitoka kwenye karatasi zao kama imenyeshewa mvua. Mimi nilichora kwa vipimo: mdomo sentimita kumi na nne, mkono thelathini na mbili, unene wa ganda. Dada akautazama mchoro wangu muda mrefu, kichwa upande.

"Kaka, ni mzuri. Lakini umekufa."

"Dada, hata kata yenyewe haipumui."

Tukaelewana kwamba hatutaelewana, kazi ikaendelea.

Mpango ulikuwa kwamba michoro itatundikwa kwenye ukumbi mjini kwa majuma mawili, kisha iingie kwenye kitabu. Kanuni ilikuwa moja: vitu vya asili tu. Plastiki hapana, bati hapana, sufuria hapana. Na chini ya kila mchoro kikadi kidogo chenye jina la kitu, mahali kilipopatikana, na maneno mawili ambayo dada alikuwa ameyachapa kabisa kabla ya kutoka Dar: *Fundi hajulikani.*

Habari za kanuni hiyo zilipanda mlima kabla yetu. Tulipofika kwenye kihamba cha kwanza, yaani nyumba na shamba lake la migomba, watu walikuwa wameshaanza kuzeesha vitu. Jirani wa mama yangu, mwanamume tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa ametundika mwiko mpya juu ya mafiga, kwenye moshi, pamoja na vibuyu viwili.

"Majuma mawili tu, mangi," aliniambia, "nitakuwa na mwiko wa babu."

"Babu yako alinunua mwiko soko la Mbuyuni?"

"Babu hakuwa na mwiko kabisa, alikula kwa mkono. Lakini wageni wako hawajauliza hilo."

Hawakuuliza kweli. Waliuchora mwiko ule kwa penseli saba, na vile vibuyu viwili pia. Vitu vitatu kutoka nyumba moja. Jirani alitusindikiza mpaka njiani akiwa amenyanyua kidevu kama aliyeozesha mabinti watatu siku moja.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama.

Mama yangu ana miaka sabini na miwili. Dada alipomwamkia na kumuuliza kama ana vitu vya zamani, alijibu, "Marahaba. Cha zamani hapa ni mimi. Vingine nimevinunua." Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu chake.

Kikapu hicho nakijua vizuri. Amekisuka mwenyewe kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia maboksi. Mikanda inatoka Holili na mizigo, wachuuzi wa Pasua wanaikusanya, na mama anaichagua moja moja kana kwamba anachagua mbegu: bluu ya ukutani, nyeupe ya katikati, njano moja ya kuzunguka mdomo. Ndicho anachoshushia ndizi sokoni. Alikiweka juu ya kiti mbele ya wasanii, akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Hiki nimesuka mwaka huu," alisema. "Sijui kama nitasuka kingine, vidole vinakataa. Kichoreni, na chini muandike jina langu."

Hakuomba kingine siku ile, na mimi katika maisha yangu sijamsikia mama akiomba kitu mara mbili.

Dada alikigusa kwa kidole kimoja. "Nzuri sana, mama. Lakini ni plastiki."

"Ndiyo. Haiozi."

"Sisi tunatafuta vya asili. Vya majani, vya ngozi, vya mti."

"Lakini mimi ndiye nimesuka."

Dada akatabasamu lile tabasamu la watu wanaotaka kuondoka. Mama akakichukua kikapu chake, akaenda jikoni kuwachemshia maziwa, maana kukataliwa hakumwondolei mtu wa kwetu wajibu wa kukaribisha wageni.

Nilibaki uani na watu watano wakifunga mifuko yao. Kwa jirani vitu vitatu. Kwetu, nyumbani kwa mwenye stashahada, hakuna. Hapo macho yangu yakaangukia kihori cha zamani cha ng'ombe, kimepinduliwa kando ya banda. Ni gogo la mringaringa lililochongwa katikati, refu kama mtu. Marehemu baba alilichonga nikiwa darasa la nne. Nililishika mimi mwenyewe upande wa pili, juma zima, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Lililisha ng'ombe mpaka juzi juzi tulipojenga la saruji.

Nikalipindua. Nikasema, "Hiki ni chombo cha kuchachushia mbege. Cha wazee."

Dada alipiga magoti kwenye samadi. Alipitisha kiganja ndani, taratibu, huku amefumba macho. "Jamani, njooni mshike ulaini huu. Hawa mafundi walikuwa na subira ya namna gani?"

Wale mafundi walikuwa vizazi vinne vya ng'ombe na ndimi zao. Mtu yeyote aliyefugia ng'ombe bandani anajua jinsi ulimi wa ng'ombe unavyopiga randa mti. Lakini kati yao hakuna aliyewahi kufuga, na mimi nilikaa kimya kama mtaalamu. Penseli zote ishirini na nne zilitoka.

Mama alipoleta maziwa, walikuwa wanamalizia. Alidhani wanachora banda.

Walipoondoka, aliniuliza kuhusu kikapu. Nikamwambia nitakichora mimi mwenyewe na kukipeleka ukumbini, kwani mimi si mmoja wao? Na kweli nilikichora, mchana mmoja pale uani, kwenye karatasi kubwa, kwa rula na bikari. Niligundua mdomo wa kikapu umelala: upande mmoja umepanda kuliko mwingine kwa vidole vitatu. Nikawaza vile vidole vinavyokataa, nikamwonea huruma. Nikaunyoosha. Kwenye karatasi yangu kikapu cha mama kilisimama sawasawa kama kabati la wizara.

Kisha sikukipeleka. Nikifikiria uso wa dada akiona nimemletea plastiki, mimi, mtaalamu wa mringaringa, nilikunja mchoro nikauchomeka nyuma ya kabati Pasua. Mama alipouliza, nikamwambia, "Nimeshapeleka." Neno moja jepesi. Naye akalipeleka kwenye kikundi cha akina mama wa usharika.

Jumamosi ya ufunguzi waliteremka kumi na moja katika Noah moja. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na mkononi alikuwa na kikapu chenyewe. "Ili watu walinganishe," alisema.

Walianza kuzunguka ukumbi, mikono nyuma, wakisoma vikadi kwa sauti. "Kata ya mbege. Fundi hajulikani." "Mbona hii ni ya shemeji yangu? Aliyeitengeneza yupo, anadai mpaka leo!" "Mwiko wa kale. Yesu wangu, huu mwiko niliuona Mbuyuni na bei yake." Walikuwa wanafurahi sana. Mama peke yake alipita haraka haraka, akitafuta bluu.

Katikati ya ukuta mkubwa, chini ya taa yake yenyewe, walikikuta kihori.

*Chombo cha mbege cha wazee. Mti wa mringaringa. Kimelainishwa kwa mkono. Fundi hajulikani.*

Mmoja wa akina mama akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Mwenzangu, hiki si kile cha ng'ombe wako mwekundu?"

"Ndicho!" mwingine akadakia. "Kile chenye ufa wa pembeni."

"Kumbe! Ndiyo maana mbege ya kwenu ina ladha ya majani!"

"Na sisi tulikunywa pale kwenye ubatizo, tukasema aika, asante sana!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alinitafuta kwa macho, akanipata nilipojibanza karibu na meza ya soda.

"Kikapu changu kiko wapi?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama."

"Ulisema umeshapeleka."

Nikaanza kupanga upya chupa za soda, na wale kumi wakasogea kusikiliza.

"Na hiki," aliendelea bila kupandisha sauti, "baba yako alikichonga juma zima, wewe mwenyewe ukishika gogo. Leo hajulikani? Ulimuuliza nani ukakosa jibu?"

Akatoka. Alikaa ndani ya Noah, kikapu magotini, mpaka wenzake walipomaliza soda.

Kwa kawaida mama hunishushia maziwa kila Jumatatu, chupa ya lita tatu kwa bodaboda. Jumatatu ile chupa haikushuka. Jumanne nikanunua maziwa ya pakiti. Jumatano nilipanda mlimani, nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, nikaingia nalo uani nikilishika kwa mikono miwili. Kwetu, ukimpelekea mtu isale kuomba msamaha, hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemchomea nyumba. Mimi nilikuwa nimemwondolea tu jina ukutani, yeye na marehemu mumewe.

Mama alilitazama jani, kisha akanitazama.

"Unajua siwezi kulikataa," alisema. "Ndiyo maana umekuja na jani, hukuja na akili."

Lakini alilipokea, akalichomeka kwenye kikapu. Nikaona heri nimwonyeshe kwamba sikudanganya yote, nikakunjua mchoro wangu niliokuja nao kwapani. Aliusogeza mbali na macho, akausogeza karibu.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni chako, mama."

"Changu kimelala."

"Nilikunyooshea."

"Umeninyooshea." Alilirudia neno hilo taratibu. Kisha akakijaza kikapu ndizi, akaniwekea ngata kichwani, akakipachika juu yake. "Twende sokoni. Leo unabeba wewe."

Naomba msomaji apige picha. Mwanamume mzima, mwenye stashahada, kikapu cha bluu kichwani, anashuka njia ambayo kila nyumba inamjua. Vijana waliokaa na pikipiki zao kwenye kona walisimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama mkubwa!"

"Marahaba," nilijibu. Ningesema nini?

"Mangi, haya ndiyo ya Nairobi?"

"Mwache, anafanyia shahada!"

Mama alikuja nyuma yangu. Tulipofika kwenye mteremko mkali unaokatiza mfongo, ule mfereji wa kumwagilia vihamba, kichwa changu kiliinama mbele kama cha mtu yeyote anayeshuka akitafuta pa kukanyaga, na ndizi zikaanza kutoka. Chane la kwanza lilinipiga puani. La pili likaingia mfongoni, likaanza safari yake kuelekea Mabogini kwenye mpunga.

"Geuza," mama alisema.

"Nigeuze nini?"

"Kikapu. Upande mrefu mbele."

Nikakigeuza. Nikainama, mteremko ukainama, ule ukuta uliozidi vidole vitatu ukazuia ndizi zote mbele ya uso wangu kama lango. Haikuanguka hata moja mpaka barabarani. Wakati wa kurudi, nikiwa na chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, mama alikigeuza mwenyewe, upande mrefu nyuma, maana sasa tulikuwa tunapanda, uso ukitazama juu.

Nilielewa hapo, shingo ikiniuma. Mimi nilijifunza kuchora kwenye sakafu ya kiwanda, ambako kilichopinda kimekosewa. Kile kikapu kilisukwa na mtu ambaye maisha yake yote hajapata hatua kumi za tambarare.

"Nani alikufundisha kukilaza?" nilimuuliza tukipumzika.

"Bibi. Cha kwake kilikuwa cha magome ya mgomba, kinaoza kila mwaka. Nyuzi mbili juu, moja chini, unaanzia msalaba, unakilaza ukifika mdomoni. Mimi nimebadilisha uzi tu."

Nilichora jioni ile na kesho yake kutwa pale uani. Mama alikaa kwenye kigoda nyuma ya bega langu na kunisahihisha kama mwalimu wa zamu. "Huo unapita chini." "Hapo pana fundo, usilifiche." Nilimaliza ufutio mzima. Sijisifu nikisema ule ndio mchoro bora niliowahi kutoa. Nasema kwa sababu ni kweli, na vipimo vipo.

Ijumaa nikaenda nao ukumbini. Dada alikuwa anapanga viti.

"Dada, kile si chombo cha mbege. Ni kihori."

"Kihori cha nini?"

"Cha ng'ombe."

Akageukia ukuta. "Na ule ulaini?"

"Ulimi."

Alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona nywele zake. "Kaka, umenidanganya."

"Nimekudanganya. Nawe hukumuuliza mwenye nyumba. Alikuwa jikoni, hatua tano, akikuchemshia maziwa."

Alikaa kwenye kimojawapo cha viti vyake. Nikamfungulia mchoro wa kikapu, nikamweleza msalaba wa chini, magome ya mgomba, mteremko, ndizi iliyonipiga puani. Alisikiliza mpaka mwisho, ndiyo sifa ninayompa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ukuta umejaa."

"Haujajaa. Ule mwiko wa kale una majuma manne."

Mwiko ukashuka. Jirani amenisusia mpaka leo, na nadhani isale nitakalompelekea yeye litakuwa refu kuliko la mama. Kikapu kikapanda kwenye msumari wake, kando ya kihori. Kikadi cha kihori nilikiandika mimi: kihori cha ng'ombe, na jina la baba kama aliyekichonga. Dada aliongeza kwa mkono wake, *Kimelainishwa na ng'ombe*, na kwa mara ya kwanza akacheka kama mtu.

Jumamosi ile Noah ilishuka tena, imejaa. Mama alisimama mbele ya mchoro muda mrefu. Mwenzake mmoja akanichokoza kutoka nyuma: "Mbona kimepinda? Ni stashahada yako imepinda?"

"Wewe tangu uolewe unabebewa ndizi na punda," mama alimjibu bila kugeuka. "Nyamaza."

Kisha akaomba kalamu. Kikadi chake kilikuwa kitupu mahali pa fundi, nilikuwa nimekataza mtu yeyote asikijaze. Alikibandua, akakiweka juu ya meza ya soda, akaanza kuandika kwa vile vidole vinavyokataa. Ilimchukua muda. Watu walisubiri, hata dada na kofia yake mkononi. Aliandika jina la ubatizo, akaandika la baba yake, na alipofika kwenye la ukoo kikadi kilikuwa kimeisha, kwa hiyo akakirudisha ukutani na kulimalizia kwenye rangi nyeupe ya ukuta wa watu.

"Nikuletee kikadi kingine, mama?" dada aliuliza.

"Acha. Hapa panatosha."

Akanirudishia kalamu, akatia mkono kwenye kikapu chake, akanipa chupa ya maziwa ya lita tatu.

"Sasa niwahisheni kwenye gari," alisema. "Ng'ombe hajala."